Tunaimba uzima wa milele, wosia hatuandiki

Kila Ijumaa alasiri, ukisimama kwenye njiapanda ya Emali, pale barabara ya Oloitokitok inapoachana na ile kuu ya Mombasa, utaona misafara. Gari la maiti liko mbele, taa zinawaka mchana, utepe mwekundu umefungwa kwenye vioo vya pembeni. Nyuma yake kuna basi la kukodi, matatu mbili tatu, na magari madogo ya watu wa Nairobi. Husimama hapa kwa sababu Emali ni mahali pa kusimama: kuna petroli, nyama choma, choo na machungwa ya kwenye neti. Kisha wengine hugeuka kuelekea Mulala na Matiliku, wengine huendelea na lami hadi Makindu na Kibwezi. Kwenye kioo cha nyuma cha gari la maiti huwa pamebandikwa picha ya marehemu akitabasamu, na chini yake maneno ya kutangaza kwamba hakufa, amepandishwa cheo kwenda utukufuni.

Mimi ni Mkristo na ninaamini ufufuo wa wafu. Ndiyo maana maneno hayo hunikera kidogo. Yanatangazwa kwa sauti kubwa siku ambayo mwenyewe hawezi kuyasikia. Miezi yote aliyolala akiumwa, nyumba nzima ilinong'ona. Hakuna aliyemuuliza anataka nini, anadaiwa na nani, hati ya shamba iko wapi, au kama anaogopa. Msimamo wangu ni kwamba tumaini la Kikristo lina kazi ya kufanya kabla ya mtu kufa. Linapaswa kumpa ujasiri wa kulitazama kaburi akiwa na akili zake timamu, na kuwapangia mambo wanaobaki. Tumaini linaloanza kusikika baada ya jeneza kufungwa limechelewa, na anayelipia kuchelewa huko ni mjane na watoto wake.

Kimya cha chumbani

Tuseme mzee wa miaka sitini na kitu, mwalimu mstaafu, amepatikana na saratani ya umio. Daktari anamwita kifungua mimba wake kando na kumweleza. Kijana anawapigia simu ndugu zake, wanakubaliana baba asiambiwe asije akavunjika moyo. Mama anajua, anajifanya hajui. Mzee naye anajua, maana mwili ni wake, lakini anajifanya hajui ili asiwatie watoto hofu. Mchungaji anakuja na wazee wa kanisa, wanaimba, wanakemea ugonjwa, wanamwambia mgonjwa atamke kwamba amepona. Akithubutu kusema, "Wanangu, naona safari yangu imefika," anakatizwa: usijitamkie mauti, baba! Na hivyo mtu aliyekaa kanisani miaka arobaini akifundishwa kwamba kifo kimeshindwa, hapewi hata dakika tano za kukitaja.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Wahenga walimsema mgonjwa anayeficha. Siku hizi wanaoficha ni familia na kanisa kwa pamoja, na anayeumbuka ni mama aliyebaki. Wiki ya tatu baada ya mazishi anatokea mtu na karatasi ya deni yenye sahihi inayofanana na ya marehemu. Mwezi wa pili anatokea mwanamke mwingine, ameshika mtoto mkono. Hati miliki inapopatikana, jina lililomo ni la babu aliyekufa kitambo, kwa hiyo mirathi ya babu nayo lazima ifunguliwe kwanza. Akiba ya sacco haitoki bila cheti cha kifo, barua ya chifu na safari za kortini Makindu. Nauli ya safari hizo inatoka kwenye nini? Inatoka kwenye mbuzi, kisha kwenye karo. Na wanaokabana koo mbele ya hakimu ni wale wale waliovaa fulana zenye picha ya marehemu na kuimba hadi sauti zikakauka.

Tusidhani elimu pekee inatuokoa na hili. Nchi nzima ilitazama sakata la S.M. Otieno, wakili wa Nairobi aliyefariki Desemba 20, 1986. Mjane wake Wambui alitaka kumzika kwao nyumbani viungani mwa jiji, ukoo wa Umira Kager ukamtaka Nyalgunga, huko Siaya. Maiti ilikaa miezi mitano ikisubiri majaji, hadi ilipozikwa Nyalgunga Mei 23, 1987. Mashahidi waliapa kwamba marehemu aliwahi kusema atakako kuzikwa, kila upande na maneno yake. Kama wakili mwenye ofisi aliacha jambo hilo likining'inia hewani, mimi na wewe wa Emali tunajidanganya na nini?

Waliokufia Nzaui

Kaskazini mwa mji wetu kuna kilima cha Nzaui. Watoto wetu hupelekwa huko kupanda mwamba na kupiga picha, na ni wachache wanaoambiwa kilichotokea chini yake. Mwishoni mwa mwaka 1895 kijana aliyeitwa Peter Cameron Scott, mzaliwa wa Glasgow aliyekulia Marekani, alipanda kwa miguu kutoka Mombasa na wenzake wachache, wakaweka Nzaui kituo chao cha kwanza. Hapo ndipo ilipoota Africa Inland Mission, mama wa AIC ambayo leo ina kanisa karibu kila kijiji cha Makueni. Scott hakukaa sana. Desemba 1896 homa ya mkojo mweusi ilimuua akiwa na umri wa miaka 29. Alikuwa tayari amemzika ndugu yake mwenyewe katika nchi ya Kongo. Kufikia mwaka 1899 kundi la kwanza karibu lote lilikuwa limekufa au kuondoka.

Kibwezi hali haikuwa tofauti. Wamisheni wa Scotland walifungua kituo pale mwaka 1891, malaria ikawachapa, wakahama mwaka 1898 kwenda Thogoto. Na kabla ya hao wote kulikuwa na Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Ukambani mwaka 1849 na kupokelewa na Kivoi, yule mfanyabiashara mkuu wa Kitui. Miaka mitano kabla ya safari hiyo, Julai 1844, Krapf alimpoteza mkewe Rosine pale Mombasa, siku chache baada ya kujifungua, kisha mtoto naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Kinachonigusa ni kwamba Rosine, kabla ya kukata roho, alikuwa ameshasema anakotaka kulazwa: bara, upande wa Wanyika, ili wapita njia walione kaburi na kujua kilichowaleta watu hawa. Akazikwa hivyo, na kaburi lake lipo hadi leo upande wa Nyali. Mwanamke mgeni, mwenye homa, kitandani na kichanga, alikuwa na ujasiri wa kulisema hilo kwa mdomo wake.

Sisemi watu hao walikuwa malaika. Nyuma yao ilikuja reli, iliyofika Nairobi mwaka 1899, na nyuma ya reli ikaja kodi ya nyumba, na babu zetu wanakumbuka vizuri ni nani aliyeikusanya. Lakini katika jambo hili moja hawakuwa wanafiki. Walipopanda meli, kifo kilikuwa kimeshaingia kwenye hesabu zao. Waliandika barua, waligawa walivyokuwa navyo, waliagana. Sisi tuliorithi Biblia zao na nyimbo zao hatukurithi tabia hiyo ya kuagana.

Wafu wetu hawakuwa mbali

Labda kuna sababu. Mtu aliyeichunguza kwa kina kuliko wote ni mwana wa Ukambani mwenyewe, John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, akawa kasisi wa Kianglikana, akafundisha Makerere, na kufariki Uswisi mwaka 2019. Wengi wanamjua kwa kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, ambamo alitumia maneno ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kuelezea jinsi Mwafrika anavyoona wakati. Kitabu chake cha mwaka 1971 hakisomwi sana, nacho ndicho kinachotuhusu: kinachunguza Wakamba walielewa nini walipohubiriwa mambo ya mwisho, mbingu, ufufuo na kurudi kwa Yesu.

Kabla ya kuhubiriwa, anasema Mbiti, wafu hawakwenda mbali. Marehemu aliendelea kuwa mtu wa nyumba maadamu kulikuwa na waliomjua kwa jina. Alimwagiwa kinywaji kidogo chini, mjukuu alipewa jina lake, alihesabiwa kwenye mambo ya ukoo. Alipokufa mtu wa mwisho aliyemkumbuka, ndipo alipozama Zamani. Kisha wakaja wahubiri na habari ya mji wa mbali sana, wenye mavazi meupe na mataji, utakaofunuliwa siku isiyojulikana. Mbiti aliona kwamba wengi waliipokea habari hiyo kama mahali pa kutorokea shida, na kwamba ilikaa juu juu bila kugusana na maisha ya boma.

Alidai pia kwamba Mkamba wa jadi hakuwa na wazo la wakati ujao wa mbali, na kwamba upeo wake ulikuwa kitu kama miaka miwili tu mbele. Wanafalsafa wengi wamempinga, na mimi nadhani hapo alizidisha chumvi. Mzee anayepanda mwembe wa kienyeji Mulala akiwa na miaka sabini anajua kabisa kwamba embe zitaliwa na wengine. Lakini kuhusu pengo kati ya mji wa mbali na boma la karibu, Mbiti alisema kweli. Tulifundishwa kuhusu siku ya mwisho, hatukufundishwa kuhusu wiki ya kwanza. Muumini anaweza kukusimulia tarumbeta, makaburi kufunguka na vitabu kukunjuliwa, asijue amwambie nini mkewe kuhusu deni la sacco.

Jambo la ajabu ni kwamba imani ya kale ilikuwa na kitu ambacho Ukristo nao unacho: kwamba kifo hakikati undugu. Makanisa mengi hukiri ushirika wa watakatifu kila Jumapili, walio hai na waliotangulia wakiwa jamaa moja. Ungedhani kanisa la Ukambani lingekuwa la kwanza duniani kuzungumza na mgonjwa wake bila woga, kwa kuwa pande zote mbili za urithi wake zinamwambia kwamba anayekwenda hapotei. Badala yake tumeokota woga, na woga huo tumeuvika suti.

Maiti haulizwi sanda

Woga huo unajulikana kwa matumizi yake. Mtu akifa usiku, asubuhi kuna kundi la WhatsApp, mwenyekiti, mweka hazina na nambari ya paybill. Hilo silipingi hata kidogo. Mwethya ni kazi ya pamoja ya Wakamba, na mchango ndio mwethya wa zama zetu; akina mama waliokuwa wakilima mitaro pamoja miaka ya ukame ndio hao hao wanaobeba masufuria usiku wa matanga. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Shida huanza bajeti inaposomwa. Jeneza lenye vioo na vishikio vya dhahabu bandia. Mahema mawili, moja la wageni waheshimiwa. Vipaza sauti, mpiga picha, ndege ya kamera ikizunguka juu ya wafiwa. Wasifu wa marehemu uliochapishwa kwa rangi kwenye karatasi ya kung'aa. Wali, chapati na ng'ombe, wakati muthokoi ungewashibisha watu wale wale. Kaburi la vigae. Na maiti bado iko mochari ikilipiwa kwa siku, kwa sababu mheshimiwa ameomba mazishi yasogezwe hadi Jumamosi atakapokuwa na nafasi ya kushika maikrofoni.

Kufa kufaana, ndiyo, na siwalaumu wenye mahema. Nauliza swali la imani. Kama ndugu yetu kweli ameshavikwa utukufu, vigae ni vya nani? Watakujibu kwamba ndiyo mila yetu kumpa mtu heshima. Mila ipi? Waliouchunguza Ukambani mwanzoni mwa karne iliyopita waliandika kwamba hapo kale kaburi lilikuwa la wazee wenye hadhi, na watu wengi wa kawaida hawakuzikwa kabisa, walipelekwa porini. Kaburi la kila mtu limekuja na Ukristo na serikali. La vigae limekuja na duka la vifaa vya ujenzi.

Kaunti yetu imewahi kutupa kipimo kizuri cha kujipimia. Mwaka 2016 Makueni ilianzisha mpango wa matibabu ambapo familia nzima ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Mpango huo ulisifiwa hadi nje ya nchi. Hata hivyo kila mtu hapa anajua nyumba ambayo shilingi hizo zilicheleweshwa, mgonjwa akaletwa hospitalini siku ya mwisho, na wiki iliyofuata nyumba hiyo hiyo ikachangisha mamia ya maelfu. Pesa zilikuwepo. Zilikuwa zikimngoja maiti. Tangu Oktoba 2024 tuko kwenye bima mpya ya SHA, na malalamiko yake ni mengi, mengine ya haki kabisa, lakini tabia yetu haijabadilika: kundi la matibabu lina wanachama ishirini wanaosema "tuko pamoja", kundi la mazishi lina mia mbili wanaotuma.

Mgonjwa haulizwi uji, maiti haulizwi sanda. Basi tumuulize akingali mtu. Wapo waliokwisha kusema: nizikeni siku ya tatu, kwa mbao za kawaida, mliolala njaa mpikiwe maharagwe, na kitakachobaki kimlipie Mutheu mdogo karo. Nimewasikia watoto wa mzee wa namna hiyo wakibishana baada ya kifo chake, wakiona aibu kutii. Waliogopa watu watasema nini. Baba yao hakuwa ameogopa Mungu atasema nini.

Waacheni walie

Kuna upande wa pili wa uhakika huu tunaoupazia sauti mazishini, na ni mkatili. Mama analia kaburini, mtu anamshika bega na kumwambia anyamaze kwa kuwa machozi ni kukosa imani. Mungu amependa zaidi, anaambiwa. Ni mpango wake.

Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya wa Kikatoliki wa Mwingi na jamaa zao wakielekea harusini Nuu lilijaribu kuvuka mto Enziu uliokuwa umefurika. Zaidi ya watu 30 walikufa, watoto wakiwemo, na watu waliosimama ukingoni walitazama wakishindwa la kufanya. Hao walikuwa watu wa kanisa, safarini kwenda kwenye sakramenti. Nani angethubutu kuwaambia wazazi wa Mwingi wasilie? Na kumhusisha Mungu na kivuko kibovu ni kumbebesha lawama ya daraja ambalo serikali haikuwa imelijenga.

Paulo alipowaandikia Wathesalonike hakuwakataza huzuni. Aliwataka wasihuzunike kwa namna ya watu wasio na tumaini, na hayo ni maneno mengine kabisa. Yesu mwenyewe, akijua kwamba Lazaro angetoka kaburini muda si mrefu, alisimama pale Bethania akatoa machozi mbele ya watu. Kama uhakika kamili haukumzuia kulia, uhakika wetu nusu nusu unamzuia mjane kwa mamlaka gani? Nadhani tunamnyamazisha kwa sababu kilio chake kinatutisha sisi. Kinatikisa kile tulichokuwa tunakisema kwenye maikrofoni.

Tumaini lililogeuzwa sumu

Ukiifuata barabara hii ya Emali hadi Mombasa, kisha ukapanda kaskazini hadi Malindi na kugeuka kuingia bara, utafika msitu wa Shakahola. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi pale, na kazi ilipoendelea miili ilipita 400. Wafuasi wa kanisa la Paul Mackenzie walikuwa wameambiwa, kwa mujibu wa mashtaka, wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Yeye amekana mashtaka na kesi ni ya mahakama. Mwaka 2025 makaburi mengine yakapatikana Kwa Binzaro, kaunti hiyo hiyo ya Kilifi. Wengi wetu tulisema ni wendawazimu, tukageuza ukurasa.

Mimi sikuweza kuugeuza haraka hivyo. Watu wa Shakahola walichukua neno tunalolisema kila mazishi, kwamba kule ni bora kuliko hapa, wakalifuata hadi mwisho wake. Kama dunia ni takataka na mbingu ndiyo kila kitu, mtoto wa miaka mitatu anabaki hapa kufanya nini? Mahubiri ya kawaida ya matanga hayana jibu la swali hilo. Paulo analo. Akiwa kifungoni aliwaandikia Wafilipi kwamba kwenda kukaa na Kristo ni bora zaidi kwake, anakutamani, lakini kubaki katika mwili kunahitajika zaidi kwa ajili yao, kwa hiyo atabaki. Tumaini la kweli lilimfunga zaidi na watu wenye shida. Mtu asiyeogopa kufa ana mikono huru ya kuwahudumia wengine. Ukiona imani ya mbinguni inamfanya mtu asijali njaa ya jirani, au ya mwanawe, ondoka hapo, hata kama kwaya ni nzuri.

Ulimwengu umeona matunda ya tumaini lililo sawa. Mwingereza Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kisha akawa daktari, alifungua hospitali ya St Christopher's mjini London mwaka 1967 kwa sababu imani yake ilimkataza kuwaacha wanaokufa wakipiga kelele za maumivu. Alitaka mgonjwa apewe dawa ya maumivu kwa wakati, aambiwe ukweli kwa upole, familia yake ihudumiwe pamoja naye. Mbegu hiyo ilifika kwetu Nairobi Hospice ilipoanza mwaka 1990, na leo hospitali nyingi za Kenya zina wahudumu wa tiba shufaa. Tofauti ya kazi hiyo na ile ya Shakahola ni kubwa mno, ingawa watu wa pande zote mbili wangekuambia kwamba kifo si mwisho.

Mashahidi wawili

Najua nitajibiwa kwamba kumtajia mgonjwa wosia ni kumchimbia kaburi. Nimeambiwa hivyo na watu ninaowaheshimu, wengine wazee wa kanisa. Nawauliza: Yakobo alikuwa anajichimbia alipowaita wanawe wote kumi na wawili, akamwambia kila mmoja neno lake, na kuagiza azikwe kwenye pango la baba zake? Yusufu alikosa imani alipowaapisha ndugu zake kuhusu mifupa yake? Na pale msalabani, katikati ya maumivu yasiyosemeka, Yesu alimtazama mama yake, akamkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda, na tangu saa ile mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake. Mama atakaa wapi na atalishwa na nani lilikuwa jambo la kushughulikia kabla ya kufa, hata kwake yeye ambaye angefufuka siku ya tatu.

Sheria yetu ya urithi, ile ya Sura ya 160, haimtaki mtu awe tajiri ndipo aandike. Wosia wa maandishi unakuwa halali ukitiwa sahihi na mwenyewe na kushuhudiwa na watu wawili wenye akili timamu. Hata wa mdomo unakubalika, mradi usemwe mbele ya mashahidi wawili na msemaji afariki ndani ya miezi mitatu. Akiishi zaidi ya hapo itabidi aseme tena, au afadhali aandike. Hakuna ulazima wa wakili, ingawa wakili husaidia kuzuia maneno yenye utata. Mke, watoto wote wakiwemo wale wa kando, madeni, anayedaiwa, mahali pa kuzikwa na kiasi cha juu cha kutumia kwenye mazishi: karatasi mbili zinatosha. Agizo la kaburi huenda lisiifunge mahakama, kama tulivyoona kwa Otieno, na ndiyo sababu lisiishie kwenye karatasi, lisemwe mbele ya ukoo wenyewe ukiwa umeketi.

Wakatoliki wana mwezi wa Novemba wa kuwakumbuka marehemu, na wangeweza kuutumia pia kuwakumbuka watakaokuwa marehemu. AIC na wengine wachague Jumapili yao. Badala ya mahubiri ya tatu kuhusu zaka, wakili muumini asimame dakika ishirini aeleze mirathi, muuguzi aeleze dawa za maumivu zinapatikana wapi, kisha familia zipewe muda wa kuketi chini ya miti kuzungumza. Mashahidi wawili hawawezi kukosekana kwenye uwanja wa kanisa. Sheria inapendelea shahidi asiwe mrithi, kwa hiyo mchungaji anayetumaini kwamba kanisa litaachiwa ile nusu ekari ya kando ya barabara ni vyema siku hiyo akasaidie kupanga viti.